Dashibodi ya Maryambai

Watu wa pale Ununio wakiniona napita siku hizi wananyamaza. Wanyamaze tu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ilikuwaje. Wameona video ya sekunde arobaini kwenye simu ya Mashaka, yule mlinzi wa gati, basi, wote wamekuwa mahakimu. Sasa nitasema mwenyewe, kuanzia mwanzo, na atakayenihukumu anihukumu akiwa ameisikia habari yote.

Jina langu Gaspar, Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa faiba na rangi za boti. Huu mwaka wa kumi na nane niko kwenye ile yadi ya kutengeneza boti. Lakini habari yenyewe siyo yangu, ni ya Marijani.

Marijani ni Mzaramo wa Kunduchi, kazaliwa pale, kakulia pale, na kaburi lake ameshalichagua pale. Ana miaka sitini na moja. Mfupi, mkavu, kofia yake ya kufuma haijawahi kumtoka kichwani, na shati la mikono mirefu anafunga mpaka kifungo cha shingoni hata lile jua la Februari. Fundi wa injini na umeme wa boti. Na siyo fundi wa kubahatisha kama hawa wa siku hizi, taa ya onyo ikiwaka wanakwambia subiri bosi, kisha wanachomoa balbu. Yeye alikuwa na bisibisi ndefu ya mpini wa mbao. Ncha anaiweka kwenye injini, mpini anaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, anafumba macho. Anakaa hivyo kama anasali. Halafu anafungua jicho moja, anasema, "Nozeli ya pili inakojoa." Ukifungua, unaikuta ya pili kweli. Walimwita Marijani Sikio, na yeye jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na mama yake.

Sasa, mie na yeye ni watani. Mnyamwezi na Mzaramo, nani asiyejua? Tangu enzi za babu zetu wanashuka pwani na mizigo kichwani. Yeye akiniona asubuhi: "Mtumwa wangu umeamka? Pembe umeweka wapi?" Namjibu: "Nimeziuza, nimenunua kiwanja alichouza baba yako ili acheze ngoma." Siku nzima hivyo, miaka kumi na nane. Hakuna aliyewahi kununa. Mtani hanuni, hiyo ndiyo sheria, na asiyeijua sheria hiyo asiingie kwenye habari hii.

Mama yangu alipofariki, Marijani alinisindikiza. Tulipanda basi Ubungo, stendi ikiwa bado pale, mpaka Tabora. Tumefika, watu wanataka kumtoa mama ndani, Marijani akajilaza mlangoni chali, suruali yake safi kwenye vumbi. "Maiti haitoki! Mpaka nilipwe deni langu. Bibi huyu kanizalia mtumwa mvivu, nataka fidia!" Shangazi zangu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi yanatiririka. Wakampa jogoo na shilingi elfu, akainuka, akabeba jeneza upande wa mbele mpaka makaburini. Nilimpenda sana siku ile. Nasema hili ili mjue.

Habari ya masikio yake nilipewa na mkewe, bi Tunu. Ilikuwa mwaka juzi. Alimletea mumewe chakula, akaniita pembeni kwenye uzio.

"Shemeji Gaspar, mwenzio hasikii."

"Hasikii nini? Sasa hivi kanitukana vizuri tu."

"Sauti nene anasikia. Nyembamba hazimfikii. Birika linapiga filimbi mpaka maji yanakauka, naye kakaa pembeni yake anasoma gazeti. Simu ikilia mpaka itetemeke mfukoni." Akatazama huku na huku. "Ni hizi injini, shemeji. Miaka arobaini kichwa kiko ndani ya injini. Wakijua hapa watamwambia akae nyumbani. Na Marijani akikaa nyumbani anakufa, mie namjua. Wewe ndiye mtani wake. Msitiri."

Nikamwambia, "Shemeji, siri hii imeshazikwa." Alinishika mikono yote miwili. Nikaapa mara ya pili, bila hata kuombwa.

Na nilimsitiri. Mtu akimwita kwa mbali, namgusa. Simu yake ikilia juu ya meza, namwambia, "Mkeo anataka talaka, pokea." Yeye hakuwahi kulitaja, na mie sikulitaja. Tukaenda hivyo.

Sasa tuje kwenye boti. Maryambai ni boti ya matanga, ya zamani, nyeupe, ina mlingoti mmoja na injini ya dizeli ya pistoni tatu tumboni. Mzee Remtulla aliinunua kwa mzungu aliyerudi kwao, akaipa jina la mke wake. Injini ile Marijani ndiye aliyeifunga, na kwa miaka ishirini na tisa hakuna mkono mwingine ulioigusa. Mzee Remtulla akisafiri, Marijani yumo. Mzee akinywa chai, Marijani anakunywa chai. Kabla hajafariki, mzee aliwaambia wanawe wawili mbele yetu, palepale gatini, kwenye kiti cha magurudumu: "Injini hii asiiguse mtu ila Marijani."

Wanawe ni Husain na Misbah. Misbah daktari wa meno, mpole. Husain ni mtu wa biashara, siyo mtu mbaya, lakini akiongea nawe unahisi anatazama saa. Mwaka huu akaamua Maryambai isikae bure, ichukue wageni kwenda Mafia, siku nne kwenda na kurudi. Akaja yadi, akampa Marijani shikamoo yake kwa adabu, akasema, "Mzee, boti itahitaji injinia wa kukaa ndani safari zote. Baba alishasema ni wewe. Mie nataka kitu kimoja tu. Hii dashibodi imechoka, tubadilishe. Siku ya kuijaribu niwepo. Ikifanya kazi mbele ya macho yangu, unapanda na boti."

Marijani alicheka meno yote nje. Huyu mzee yadi walikuwa wanamwita siku mbili kwa wiki, siku nyingine anakuja tu kukaa. Kupanda na injini yake, awe injinia, apewe kitanda chake pale karibu nayo. Jioni ile alinunulia watu sita kahawa, yeye ambaye kahawa yake mwenyewe alikuwaga anagawana na paka.

Na kweli dashibodi ilikuwa imechoka. Ilikaa pale kwenye usukani, juani, karibu miaka thelathini. Vioo vya geji vimekuwa vya njano, huoni mshale. Geji ya joto ilisema injini imechemka hata ikiwa imelala wiki nzima. Ufunguo ulikuwa umekatikia ndani ya swichi, tunawasha kwa plaisi. Nyuma yake ndiyo usiseme: nyaya zimeota kutu ya kijani, nyingine zimefungwa mfuko wa plastiki, nyingine haziendi popote.

Na hapakuwa na king'ora. Kile king'ora kinachopiga kelele oili ikikosa presha au injini ikichemka, mzee Remtulla alikichomoa zamani kwa sababu kilimharibia chai.

"Mie hicho ndicho nakitaka kuliko vyote," Husain akasema. "Baba alikuwa peke yake. Mie nitakuwa na watu wa watu. Kikilia, mtu akisikie, azime injini. Injini hii ikifa katikati ya mkondo wa Mafia, tumekwisha."

Nilimtazama Marijani. Alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, lakini lile tabasamu lilikuwa limebaki upande mmoja.

Kazi ilichukua siku nne. Dashibodi mpya aliileta Husain kutoka Dubai, nzuri, nyeusi, geji tatu, taa nne, na king'ora chenyewe kidude cheusi kidogo kama kifuniko cha soda. Lakini ilikuwa ndogo kuliko tundu la zamani, na plagi yake haikuingiliana na nyaya za injini. Plagi ilikuwa kazi ya Marijani. Tundu lilikuwa langu. Nikatengeneza kibao cha faiba, nikakipiga msasa siku mbili mpaka ukikipitisha kiganja unadhani ni kioo, nikakipiga rangi nyeupe ileile ya boti. Mtu akitazama haoni palipoungwa. Kumbukeni kibao hicho.

Marijani yeye alitoa waya wa betri kwanza, kama anavyofanya siku zote, akauviringisha kitambaa usije ukagusa kitu. Halafu akafuata waya mmoja mmoja, kutoka injini mpaka juu, na taa yake ya kupimia. Kila alioujua ulikotoka anaufunga kipande cha plasta nyeupe ya hospitali, anaandika kwa kalamu, anapuliza wino ukauke. Mbovu anakata, mzima anauunga kwa risasi ya kuyeyusha. Hakuniruhusu nitazame alichoandika. "Ondoka, Mnyamwezi, hii siyo hesabu ya asali."

Ijumaa, tumemaliza, tunanawa mikono bombani. Akasema bila kunitazama, "Kesho simama karibu na mfuniko wa injini."

"Nikufanyie nini?"

"Nikifungua swichi, kile kidude lazima kilie, maana injini bado haijawaka na oili haina presha. Kikilia, piga kisigino chini mara moja. Nitasikia miguuni. Injini ikiwaka, kikanyamaza, piga mara mbili."

Ndiyo mara ya kwanza analisema. Nikaona aibu, na mie nikiona aibu natania. Nikamwambia, "Kwani masikio nayo mmeyauza pamoja na viwanja?"

Akacheka. "Nimeyaweka rehani kwako. Usiyapoteze." Akaniwekea mkono begani, akaondoka.

Jumamosi ilikuwa saa nne asubuhi, maji yamejaa, Maryambai imefungwa gatini. Husain kaja na Misbah. Watu wa yadi kumi hivi wamesimama gatini, na Mashaka na simu yake, maana yule hata paka akizaa anarekodi. Bi Tunu naye kaja, kavaa baibui jipya, ana chupa ya chai na sahani ya kashata amefunika kwa kitambaa. Marijani shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe.

Husain akapanda, akaitazama dashibodi. "Aisee, mzee. Imekaa kama ya kiwandani!"

Haya. Imekaa kama ya kiwandani juu ya nini? Juu ya kibao cha nani? Nikamsubiri Marijani aseme. Angalau neno moja, huyu mwenzangu naye kafanya kazi. Badala yake, yule mzee, furaha imempanda kichwani, akanionyesha kwa kidole mbele ya watu wote: "Na huyu Mnyamwezi wangu nitaenda naye Mafia, bosi. Abebe mabegi ya wageni. Ndiyo kazi iliyowaleta babu zake pwani!"

Watu wakacheka. Husain akacheka. Hata Misbah kaziba mdomo. Mie pia nikacheka, maana mtani hanuni. Amenitania hivyo mara elfu. Lakini siku ile, sijui nisemeje, kilinichoma. Kikaniingia na kukaa hapa kifuani.

Marijani akashika ufunguo. Akanitupia jicho. Nikasimama penye mfuniko wa injini, kisigino tayari. Akafungua swichi.

Taa zote nne zikawaka. Na king'ora kikalia. Mungu wangu, kilivyolia! Kile kidude kidogo kilikuwa na sauti ya kutoboa meno. Kunguru waliokuwa juu ya mlingoti wakaruka. Misbah akaziba masikio.

Mie sikupiga kisigino.

Nisikilizeni. Nilisema moyoni, ngoja nimcheleweshe kidogo. Sekunde tano tu, atoke jasho, kisha nigonge, na baadaye bombani nimwambie, umeona mbeba mizigo anavyoweza kukutesa? Hivyo tu. Utani. Naapa ilikuwa hivyo tu.

Lakini Marijani alisubiri, akatazama taa, akatazama miguu yake. Halafu akainua kichwa, na kwa ile sauti yake ya ufundi, ya taratibu, akamwambia Husain, "Bosi, umeme umefika, taa unaziona. Ila king'ora hakilii. Nipe dakika tano nikione."

Kidude kinapiga kelele mbele ya pua yake.

Kisha mtu mmoja gatini akapasuka kwa kicheko. Halafu wa pili. Wengine walidhani anaigiza. Na mie nikacheka. Nitasema ukweli wote: nilicheka kuliko wote. Kicheko cha watu ni kitamu, kinakubeba, na nilikuwa na zile sekunde tano mkononi zimekuwa kumi, zimekuwa ishirini, na kila moja ilikuwa tamu kuliko iliyotangulia. Bi Tunu, ambaye bila shaka mumewe alishamweleza mapatano yetu, alikuwa ananitazama kutoka gatini. Alikuwa anapiga kisigino chake chini, kwenye mbao za gati, kwa nguvu, mara moja, mara moja, mara moja. Gati halijaungana na boti.

Marijani akatoa bisibisi mfukoni. Akafungua skrubu nne, mbili mbili kwa kona kama inavyotakiwa, akaivuta dashibodi mbele kwenye nyaya zake. Akapima waya wa kwanza. Akapima wa pili. Jasho limeanza kulowesha lile shati. "Bidhaa za siku hizi," akasema, "zinakuja zimeshakufa." Watu wakaangua kicheko upya. Akatabasamu nao, maskini, akidhani wanacheka aliyoyasema.

Halafu akaweka kidole juu ya king'ora.

Kilikuwa kinatetemeka, bila shaka. Kitu kinacholia kinatetemeka. Niliona kidole chake kikikaa pale, kikatulia, na uso wake ukawa kama nyumba iliyozimwa taa. Hakutazama watu. Alinitazama mie. Mie bado nilikuwa na kicheko mdomoni, sikuwahi kukimeza.

Ndipo nikapiga kisigino. Mara moja. Kwa nini nilipiga, msiniulize.

Husain hakuwa anacheka tena. Akaenda akazima swichi mwenyewe. "Mzee, geuka."

"Bosi?"

"Geuka utazame bahari." Akamgeuza kwa mabega, akafungua swichi, king'ora kikalia. "Kinalia?"

"Hakilii," Marijani akasema. Husain akazima. "Sasa?" "Kinalia." Watu wakaguna. Akafungua tena. "Sasa?" Marijani akakisia. "Kimenyamaza." Mara nane, jamani. Nimezihesabu. Mzee wa miaka sitini na moja kageuzwa mgongo kama mtoto wa darasa la kwanza, anakisia, anakosea, anapatia moja, anakosea mbili, na Mashaka anarekodi.

"Husain, basi!" Misbah akapiga kelele. "Huyo umri wa baba!"

"Nami nauliza sasa, kabla sijazika watu," Husain akajibu. Uso ulikuwa umempauka. Akazungukia mbele ili Marijani amwone midomo, na akasema polepole, kwa sauti kubwa, kama wanavyosemeshwa wajinga: "Mzee. Ungeniua. Ungetuua sote, halafu ungesema bidhaa za siku hizi."

Marijani hakusema nimeelewana na Gaspar. Hakusema Gaspar angekuwa sikio langu. Angeweza kusema! Neno moja tu, nami ningebanwa ukutani. Akainama, akaanza kufuta vifaa vyake kimoja kimoja, anavirudisha kwenye mfuko.

Husain akageuka. "Gaspar. Wewe unasikia vizuri?"

"Nasikia, bosi."

"Miaka yote hii umemshikia taa. Injini unaijua?"

"Naijua."

"Utapanda wewe."

Kuna wanaosema nilipanga tangu mwanzo, nilitaka nafasi yake. Waongo wakubwa! Mie sikupanga kitu. Niliulizwa, nikajibu. Kama ningekataa, yeye angerudishiwa masikio? Angechukuliwa mtu wa mbali asiyeijua ile injini hata kwa jina. Ndivyo nilivyojiambia, na usiku wa kwanza nililala vizuri tu.

Marijani alipokuwa anashuka, ilibidi apite mbele yangu. Nikajiandaa anitukane. Niliomba anitukane. Mtani akikuumiza unamrudishia, mnamaliza, mnakunywa kahawa. Akasimama, akasema, "Samahani, naomba nipite." Nikampisha. Ile bisibisi ndefu ya mpini wa mbao aliiacha juu ya mfuniko wa injini, na sidhani kama aliisahau.

Bi Tunu alimshika mkono kama anayevusha mtu barabara. Sahani ya kashata ilibaki juu ya gati. Mashaka na wenzake walizila zote, wakasema tamu.

Nimekwenda Mafia safari tatu. Kila asubuhi nafungua swichi, kinalia, nawasha injini, kinanyamaza. Wageni wanapiga picha. Safari ya tatu, tumetia nanga, mshale wa joto ukakwama, nikafungua ile dashibodi kutazama nyuma. Sikuwa nimeifungua tangu siku ile. Nikaona zile plasta nyeupe zimepangwa safi, mwandiko wake wa madrasa, herufi zimelala kidogo. JOTO. OILI. CHAJI. MIZUNGUKO. Na kwenye waya wa king'ora ameandika: KING'ORA – MUULIZE GASPAR.

Nilikaa chini pale. Mpishi akaniuliza bahari imenichafua moyo? Nikamwambia ndiyo.

Tumerudi, Jumapili nikanunua kuku. Kuku jike, mnene, mwenye manyoya meusi. Mtani akivuka mpaka anatozwa faini ya kuku, hiyo nayo ni sheria, na aliyetoza akishachinja habari imekwisha. Nikamshika miguu, nikaenda Mtongani kwa Marijani. Njiani nilikuwa najipanga matusi. Nikayapanga mazuri kabisa, ya baba yake na ya ngoma, na mahali ambapo yeye angeweza kunirudishia kwa urahisi.

Nilimkuta barazani, kofia kichwani, shati limefungwa mpaka shingoni, mikono juu ya magoti. Nikasimama mbele yake anione mdomo. "Mzaramo! Bado hujafa? Nilikuja kula pilau!"

Akainuka. Akanipa mkono. "Karibu, bwana Gaspar. Karibu kiti."

Bwana Gaspar. Miaka kumi na nane hajaniita hivyo.

"Nimeleta faini yangu," nikasema, nikamwinua kuku. "Nitukane, Marijani. Nitukanie mama yangu, nitukanie wote."

"Habari za nyumbani?" akauliza. "Watoto hawajambo? Tabora wamepata mvua?"

"Marijani!"

"Tunu, mletee mgeni chai." Alikuwa mpole kabisa. Nikaongea, nikajitetea, nikamwambia sekunde tano, nikamwambia nimeona kwenye plasta. Nililia, sioni haya kusema. Alikuwa anatazama midomo yangu kwa adabu, anatikisa kichwa, na mwisho akasema, "Mungu akubariki na kazi yako." Nilikunywa ile chai mpaka mwisho, maana sikujua nifanye nini kingine.

Bi Tunu alinisindikiza mpaka barabarani, amembeba yule kuku. Waswahili wanasema mzaha mzaha hutunga usaha, nikamsubiri anisomee hiyo. Hakuisoma. Akanirudishia kuku mikononi.

"Hatozi faini mtu asiye mtani wake," akasema. "Na nikuombe kitu, kaka. Marijani hali siku hizi, haendi popote, nimeshakwambia zamani mwisho wake. Siku ikifika, taarifa utaipata. Usije ukajilaza mlangoni pangu. Usidai kitu, usichekeshe mtu. Ukija, kaa na wageni."

Akarudi ndani. Kutoka Mtongani mpaka Tegeta nilitembea kwa miguu, kuku ananinyea mkono mzima, na njia yote ile hakuna hata mtu mmoja aliyenicheka.